Tangi Lililopendeza Ghafla

Kwao walimwita Forodha, ingawa hakuwahi kufanya kazi bandarini wala mpakani. Jina alilipata utotoni kwa tabia yake ya kupekua mikoba ya wageni akitafuta pipi, na likamganda hadi ukubwani, hasa baada ya kuajiriwa kusimamia walinzi wa duka kubwa la vyakula. Kazi yake ilikuwa kutazama mikono ya watu. Mwenye koti zito siku ya jua kali, mwenye kucheka peke yake mbele ya rafu ya maziwa ya unga, wote hao Forodha aliwaona kabla wenyewe hawajaamua wanataka kuiba nini.

Alipoteleza kwenye ngazi za ghorofani kwake akavunjika kifundo cha mguu, alifungwa plasta na kuletwa kwa mama yake, ambako nyumba ilikuwa ya chini na yenye vidato viwili vitatu tu vya kuingilia. Alikuja na mkoba wa nguo, magongo, na macho yale yale. Rafu za kutazama hakuwa nazo tena, kwa hiyo akaitazama sebule.

Kitu cha kwanza kumtia shaka kilikuwa tangi la samaki.

Tangi lilikuwa la mdogo wake, kitinda mimba wa nyumba, fundi wa mafriji ambaye watu walimwita Barafu. Jina lilimfaa kwa kazi na kwa tabia, maana ukimgombeza hakujibu, alikutazama tu mpaka hasira zikakuishia mwenyewe. Alikuwa bado anaishi na Mama. Tangi hilo alilinunua zamani, akalijaza samaki wa kila aina, akamwaga kokoto za waridi na za buluu, akatumbukiza ngome ya plastiki na mzamiaji wa plastiki aliyetoa mapovu, kisha akalisahau. Kwa miaka mingi maji yake yalifanana na supu ya mboga. Mwani ulitanda kioo kizima, mimea ilijiotea ovyo ikaziba kila njia, na ukitaka kumwona samaki ilibidi usubiri aje mwenyewe kubandika pua kiooni, kama jirani anayechungulia dirishani.

Sasa Barafu alikuwa analishughulikia kila akirudi kazini. Alizoa kokoto zote za rangi. Ngome ikaenda, mzamiaji akaenda. Akalihamisha tangi kutoka pembeni na kuliweka pale ilipokuwa televisheni, karibu kabisa na kiti cha Mama. Nyuma ya kioo akabandika karatasi nyeusi, chini akatandaza mchanga mweupe, safi kama sukari. Aliingiza mkono hadi kwapani, ana kibano kirefu, akipandikiza mashina marefu nyuma na majani mafupi mbele, na katikati akaacha uwazi mpana usio na kitu. Bomba la chujio, ambalo siku zote lilikuwa limesimama wazi kama mfereji wa bafuni, akalificha nyuma ya gogo.

"Leo kumekucha," Forodha alimwambia kutoka kochini, mguu wake ukiwa juu ya stuli.

"Lilikuwa chafu, dada."

"Lilikuwa chafu tangu hujaota ndevu."

"Basi ndiyo limezidi." Akaendelea kupunguza majani kwa mkasi, taratibu, kama kinyozi mwenye mteja wa heshima.

Mama, aliyekuwa kitini na kikombe chake, akasema, "Mwache mwenzio afanye kazi." Alisema hivyo ameelekeza uso pembeni kidogo, kwenye bega la Forodha badala ya usoni. Forodha akaliweka hilo akilini. Dukani, mtu wa kukutazama begani alikuwa na kitu kwenye mfuko.

Mambo yakaanza kufuatana. Siku moja aliamka akakuta zulia la sebuleni limekunjwa na kusimamishwa ukutani kwenye chumba cha stoo. Meza ya katikati, ambayo marehemu baba yao aliipenda hadi akakataza mtu yeyote kuweka kikombe juu yake bila kisahani, nayo ilikuwa imepelekwa huko. Sebule ikabaki wazi, inaitikia mwangwi.

"Mbona mnahama?" aliuliza.

"Nafasi tu," Barafu akajibu. "Na wewe una magongo."

Jibu lilikuwa zuri, na Forodha hakupenda majibu mazuri. Kama ni magongo, mbona zulia halikuondolewa siku aliyofika, alipokaribia kuanguka nalo mbele ya mlango?

Kisha akaja muuza samaki wa mapambo, mwanamke mnene mwenye kicheko cha karibu, aliyebeba mifuko ya nailoni yenye maji. Aliwachukua wale samaki wa kila rangi, akaacha kundi la wadogo wa aina moja, wekundu kama pilipili iliyoiva. Walipoachiliwa kwenye tangi walisita kidogo, halafu wakajikusanya, wakaanza kuzunguka kwenye ule uwazi wa katikati kwa pamoja, wekundu mtupu mbele ya weusi. Hata Forodha alisahau kushuku kwa muda. Muuza samaki akarudi nyuma hadi mlangoni, akakunja mikono, akasema:

"Hapo sasa! Mtu akiingia tu, jicho linafika hapa. Kabla ulikuwa na kapu la nguo chafu ndani ya maji. Ukitaka tangi livutie usipende kila kitu, penda kimoja."

"Akiingia nani?" Forodha akauliza.

Yule mwanamke akamtazama Barafu. Barafu akaitazama ndoo. "Yeyote, mama yangu," muuza samaki akasema, na kicheko chake safari hii kikaja kimepunguzwa.

Baada yake akaja fundi seremala na futi kamba. Alipima ukuta wa korido kuanzia mlango wa chumba cha Mama hadi chooni, akapima vidato vya mbele, akabandika utepe wa manjano kwenye kila ukingo. Forodha alijikokota na magongo yake hadi koridoni.

"Unapima nini, fundi?"

"Ukuta, dada."

"Kwamba ni ukuta naona. Kwa kazi gani?"

Fundi akajikuna kisogo kwa penseli. "Mwenyewe atakueleza. Mimi napima tu." Akavuta futi kamba yake, ikajikunja kwa mlio kama wa mjusi, akaondoka bila hata kumaliza maji aliyopewa.

Siku hiyo hiyo jioni, Forodha akiwa ameketi uani kuota upepo, dirisha la jikoni lilikuwa wazi. Sauti ya Barafu ilimfikia, anaongea na simu huku anakosha vyombo.

"Hapana, fundi, usimwambie kitu. Akijua sasa hivi ataigeuza nyumba juu chini. Mama mwenyewe ameshakubali. Tumalize kwanza, tukishamaliza hatakuwa na la kusema."

Forodha alihisi mguu unapwita ndani ya plasta. Yote yakajipanga kichwani mwake kama mikebe kwenye rafu. Sebule imeondolewa vitu ili ionekane kubwa. Tangi limepambwa na kuwekwa pale jicho la mgeni linapotua kwanza. Kuta zimepimwa, ngazi zimetiwa alama. Nyumba inauzwa. Nyumba ya baba yao, wanaipodoa kama bibi harusi ili mnunuzi akiingia asione nyufa, na yeye, mtoto wa kwanza, amefichwa. Na Mama ameshakubali! Ndiyo maana hamtazami usoni.

Aliyaangalia upya mengine aliyokuwa ameyaona. Mama kuacha kusoma ujumbe wake wa simu na kusubiri Barafu arudi. Mama kuuliza "Nani huyo?" mtu akisimama mlangoni kimya, kana kwamba anategemea mgeni fulani. Mama kumimina chai amezamisha ncha ya kidole kwenye kikombe, mkono ukimtetemeka. Hatia hiyo, Forodha akajiambia. Mtu mwenye jambo la kuficha hutetemeka mikono.

Akampigia simu Mjomba.

Mjomba alikuwa kaka wa Mama, karani mstaafu wa mahakama, ambaye kwa kusikia kesi za watu maisha yake yote alijihesabu hakimu aliyenyimwa joho. Jumapili alifika amevaa tai. Alikaa kwenye kiti chenye mikono, akakohoa, akatazama sebule iliyo tupu, kisha tangi, na tangi likamnasa. Taa yake ilikuwa inawaka. Majani ya nyuma yalipepea polepole, mchanga mweupe uling'aa, na lile kundi jekundu lilipinda kona na kurudi.

"Eh," Mjomba akasema. "Zuri hili." Akajikumbuka. "Nimeitwa hapa kwa jambo zito."

"Nalisema mimi," Forodha akadakia. Alisimama, magongo kwapani, maana maneno kama yale hakutaka kuyasema amekaa. "Mjomba, nyumba hii inauzwa. Wameipamba, wameipima, wameleta watu waje kuitazama. Mimi mtoto wao wa kwanza nimefanywa mgonjwa wa kuletewa uji. Nimesikia kwa masikio yangu, huyu anasema nisiambiwe mpaka wamalize. Sasa namuuliza mbele yako: Barafu, nyumba ya baba unamuuzia nani?"

Barafu aligeuza shingo. Akamtazama Mama.

Mama akacheka. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyeshtukizwa, kikatoka kikakatika. "Kuuza nyumba? Nani auze nyumba? Mimi nikalale wapi, ndani ya friji za huyu?"

"Mama, usinicheke. Tangu nifike humu ndani hujanitazama usoni hata mara moja. Hata sasa unaongea na mlango!"

Chujio la tangi tu ndilo lililosikika, likivuta maji.

"Ni kweli," Mama akasema. "Tangu ufike sijauona uso wako."

Forodha hakuelewa.

"Nikikutazama sawasawa unapotea. Pale penye uso pana ukungu, doa, kama mtu kapumulia kioo. Nikitazama pembeni ndiyo nakupata kidogo, bega, magongo, hilo gauni lako. Uso sina. Wa mdogo wako pia sina, na wa Mjomba wako sina, ingawa huo wa Mjomba naukumbuka na si hasara kubwa."

Mjomba hakucheka. Forodha alirudi kukaa, akakosea kiti, akaketi kwenye mkono wa kochi.

Barafu ndiye aliyeeleza yaliyobaki, kwa maneno mengi kuliko yote ambayo dada yake alipata kuyasikia kwake kwa mkupuo mmoja. Ni ugonjwa wa kiini cha jicho. Ulianza na herufi kukatika katikati, kisha nyuso. Televisheni ikawa kelele tu, Mama akaacha kuitazama, akawa anakaa pale kitini mikono mapajani siku nzima. Siku moja, Barafu akisafisha tangi kwa bahati tu, Mama alisema ameona kitu chekundu kikipita. Hapo ndipo alipoanza kumuuliza: Mama, kwenye weusi unaona? Mchanga ukiwa mweupe je? Samaki wakiwa wengi wa rangi moja, wakienda pamoja? Kila alichokiondoa na kila alichokipanda alimuuliza kwanza. Mimea ya katikati aliing'oa kwa sababu Mama alisema inamchanganya. Zulia lilimkwaza. Utepe wa manjano ulikuwa wa kumwonyesha ukingo wa ngazi, na seremala alikuja kupima mbao ya kushikilia koridoni, ili Mama aende chooni bila kupapasa ukuta.

"Na simu?" Forodha aliuliza, sauti imemshuka. "Nani asiambiwe?"

"Wewe," Mama akajibu kabla ya Barafu. "Nilimkataza mimi. Nakujua. Ungesikia tu, ungeniweka kwenye gari na nguo zangu kwenye mifuko, unipeleke ghorofani kwako, unifungie nisije nikaibiwa. Nyumba hii naijua kwa miguu. Kwako nitakuwa kipofu kweli."

Forodha alitaka kukana. Lakini wakati Mama anasema, yeye tayari alikuwa kichwani anapanga kitanda kwenye chumba chake cha nyuma, anahamisha pasi na kapu la nguo. Machozi yalimjia na hakuyafuta, na alipokumbuka kwamba Mama hayaoni, yakazidi.

"Ungeniambia hata kwa siri," alimgeukia Barafu.

"Mama alinikataza."

"Na wewe tangu lini unamsikiliza Mama?"

Mjomba akaona hapo ndipo pa hukumu. Akasema kwamba yeye alikuwa ameshalihisi jambo hili muda mrefu, kwamba familia ni familia, na kwamba kama chai ipo, asingeikataa. Barafu akaenda jikoni.

Jambo lingekwisha hapo, kila mtu na aibu yake. Ila Forodha, akiwa anafuta uso kwa kanga, alikumbuka kwamba maneno yote ya Barafu hayakumtaja daktari hata mara moja.

"Na hospitali wanasema nini?" aliuliza. "Kuna dawa?"

"Zipo sindano," Barafu akasema kutoka jikoni. "Za jicho lenyewe. Hazirudishi kilichopotea, zinazuia lisiendelee. Nimekuwa nampeleka. Mara ya mwisho daktari amesema zimetosha."

"Zimetosha," Mama akaitikia, haraka kidogo.

Forodha akamtazama mama yake. Mikono yake ilikuwa imekamata ncha za kanga na kuzisokota.

"Barafu, ulimsikia daktari mwenyewe akisema?"

"Mama aliniambia. Mimi namwacha getini. Wanaume hawaruhusiwi kuingia."

"Kliniki ya macho? Wanaume hawaruhusiwi kliniki ya macho?"

Barafu alitokea mlangoni na birika mkononi. Ilionekana wazi kwamba swali hilo hajawahi kujiuliza.

"Mama," Forodha akasema kwa upole ule ule aliotumia kuwaomba watu wafungue mikoba, "walipokuchoma mara ya mwisho, walikufunika jicho?"

"Walinifunika."

"Alirudi na kitambaa jichoni, Barafu?"

"Hapana."

"Kulia au kushoto, Mama?"

Samaki walipita, wakarudi. Hatimaye Mama akasema, kama msichana mdogo, "Sindano jichoni, mwanangu. Unaiona inakuja. Hata mimi nisiyeona, hiyo niliiona. Moja nilichomwa. Baada ya hapo nilikuwa nakaa kwenye benchi la nje mpaka watu wapungue, ndipo nampigia."

Barafu aliweka birika chini. Alikaa kwenye sakafu pale pale, mgongo ukutani, akashika kichwa. Hakumgombeza mama yake, ila kwa mara ya kwanza Forodha aliona uso wa mdogo wake umekunjamana kwa hasira, na hakujua amfariji yupi.

Wiki hiyo hiyo walikwenda wote watatu, Forodha na magongo, Mama na mkono wa Barafu. Daktari, mwanamke kijana mwenye kusema kwa uwazi, aliwaambia kwamba jicho la kushoto limekwenda mbali na halitarudi. La kulia limeumia kwa kukosa zile sindano zilizorukwa, ila bado lina kitu cha kuokoa, wakiacha michezo. Forodha aliuliza maswali hadi daktari akavuta kiti akakaa. Mama alipolazwa kitandani, Forodha alimshika mkono, akamwambia amweleze samaki wanavyokwenda. Mama akaanza: wanatoka kushoto, wanafika kwenye gogo, yule mmoja mkaidi anabaki nyuma. Alipofika hapo alibana vidole vya binti yake mpaka vikauma, akasema "Yesu wangu, Mungu wangu," na sindano ikawa imekwisha.

Plasta ilipotolewa Forodha alirudi kwake, na Mama akabaki nyumbani, ila siku za kliniki binti ndiye aliyempeleka, na aliingia naye hadi ndani. Jicho la kulia lilisimama pale lilipokuwa. Nyuso hazikurudi.

Tangi liliendelea kubadilika. Forodha alipokuja alikuwa na maoni yake kuhusu kila kitu, jiwe limeegemea vibaya, majani ya pembeni yamekuwa marefu, kioo kina alama za vidole. Barafu alimpa mkasi, akamwonyesha pa kukata, juu kidogo ya fundo ili shina lichipue mawili. Jumamosi moja walibishana sana kuhusu jiwe jeusi, dada akitaka likae katikati na mdogo akilitaka pembeni, mpaka Mama akawaambia wanyamaze na wamsogezee kiti. Alitazama kwa upande, shingo imepinda, muda mrefu.

"Liondoeni kabisa," akasema. "Linawafichia njia."

Barafu akakunja mkono wa shati na kulitoa, maji yakamchuruzika hadi kiwikoni, na Forodha akaenda kutafuta tambaa la kupangusia sakafu.